Waya Iliyovaa Kisweta Chekundu

Studio ya Shangazi ilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulifungwa kwa ndani. Mteja akibisha, Shangazi humchungulia kwenye kitundu, humfungulia, humwingiza, kisha hugeuza ufunguo mara mbili, krr, krr, na kuurudisha kifuani kwenye kamba aliyoivaa shingoni. "Kamera zina miguu," husema. Mteja mgeni hucheka. Akishapigwa picha, akasimama mlangoni kungoja afunguliwe, kicheko humwisha.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Dirisha lilikuwapo, ila lilipakwa rangi nyeusi zamani zile za filamu, ili mwanga usiunguze picha zikiwa bado kwenye dawa. Filamu zilikwisha kwenda zake na dawa zake, lakini rangi ilibaki. "Nikiikwangua nitaona nini?" Shangazi husema. "Ukuta wa jirani?" Kwa hiyo humo ndani asubuhi na jioni zilifanana kama mapacha, na aliyetaka kujua jua limefika wapi ilibidi atazame saa.

Humo ndimo alimokulia Sisimizi. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake huyo huyo, kwa kuwa utotoni hakuweza kupita bila kubeba kitu: sinia la dawa, kigoda, mwavuli wa taa uliomzidi kimo. Sasa alikuwa mwanamke mzima, fundi wa kusafisha picha kwenye kompyuta, lakini jina halikukua pamoja naye.

Leo Sisimizi alikuwa na safari. Kiwanda cha kuchapa vitabu, katika mji wa mbali, kilikuwa kimempa kazi kwenye chumba chake cha picha. Gari la kiwanda lingempitia saa kumi alasiri. Kesho asubuhi ilikuwa siku ya kuripoti, na aliyeambiwa aripoti asionekane, nafasi yake hupewa anayemfuata. Begi lake lilikuwa limesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kama mteja anayengoja kupigwa picha.

Kilichomzuia ni kompyuta. Kompyuta ya studio ilikuwa mahututi. Fundi aliyekuja kuipima aliisikiliza ikikoroma, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya jamaa wa mgonjwa. "Msiizime," alisema. "Ikilala, huenda isiamke." Na ndani yake ndimo zilimokuwa picha zote za studio: maharusi, wahitimu, watoto wa siku arobaini ambao sasa walikuwa na watoto wao. Tangu simu zimfanye kila mtu kuwa mpiga picha, Shangazi aliishi kwa picha hizo za zamani. Mtu hufiwa, hukumbuka kwamba marehemu aliwahi kukaa kwenye kiti kile mbele ya maporomoko yale, huja kubisha mlango.

Sisimizi alikuwa ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe. "Shangazi, sitaondoka kabla picha zako hazijawa salama."

Alipoahidi, ahadi ilikuwa nyepesi. Diski ya nje walikuwa nayo, na kazi za kila wiki walizihifadhi humo. Harusi nzima iliingia kabla chai haijapoa. Alikuwa amepiga hesabu zake: miaka yote ya studio ingehamia kwenye diski kwa siku mbili, akibaki na muda wa kufua na kuaga majirani. Lakini wiki hii kila kitu kilikwenda kwa kujikokota. Harusi moja ilianza kuingia, chai ikapoa, ikanywewa ikiwa imepoa, kikombe kikaoshwa, na harusi bado ilikuwa mlangoni inavua viatu. Sisimizi alilaumu ugonjwa wa kompyuta. Hakufua. Hakuaga mtu. Alikaa mbele ya mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi, akihamisha mwaka mmoja, kisha unaofuata.

Mstari ule haukuwa na haya. Ulisema zimebaki dakika chache. Ukikodolewa macho, unabadili kauli: saa saba. Kisha dakika chache tena.

"Inaongea kama mgonjwa wa homa," Sisimizi alisema.

Shangazi alikuwa kwenye kiti cha wateja, sindano za kufumia mkononi, redio yake ndogo ikinong'ona kando. "Haraka haina baraka, mwanangu."

"Na leo polepole haina gari, shangazi."

Shangazi alicheka kwa pua, akaendelea kufuma.

Kufuma huko kulikuwa na historia. Shangazi aliamini kwamba waya hufa shingoni, pale kichwa kinapokutana na mwili, na hilo alikuwa na haki kuliamini, maana alikuwa amezika nyingi. Kwa hiyo kila waya iliyoingia studio aliifumia kisweta cha sufu kilichobana kuanzia kichwa hadi kichwa, kikaacha meno tu. Nyaya zote zikawa nene sawa, laini sawa, na zilitambuliwa kwa rangi ya nguo. Nyekundu ilikuwa ya picha: ya kuunganisha diski na kompyuta, basi. Nyeusi ilikuwa ya kuchajia. Ya bluu ilikuwa ya printa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na Sisimizi hakuwahi kuivunja. Alichukua nyekundu kama mtu anavyochukua kijiko cha chumvi kutoka mahali pake bila kuangalia.

Simu yake ilitetemeka. Alikuwa dereva wa kiwanda, mtu ambaye hawajaonana lakini tayari alimwita dada.

"Dada, nimeshaingia mjini. Nimebeba matairi mawili na mama mkwe wa bosi. Matairi yanaweza kungoja. Mama mkwe hangoji."

"Tulisema saa kumi, kaka."

"Saa kumi ndiyo. Nakuarifu tu, ili nikipiga honi usije ukaniuliza 'nani huyo'. Bibi huyu amekaa mbele, kafunga mkanda, kanikodolea macho tangu tulipotoka. Nikichelewa tutakuwa hatuna kazi mimi na wewe."

Sisimizi aliweka simu chini. Saa ukutani ilikuwa imeshapita saa saba. Miaka iliyobaki kwenye kompyuta ilikuwa mingi, tena ile minono, ya kamera mpya, ambayo picha zake zilikuwa nzito kama mawe. Alitazama begi. Alitazama mlango, kisha ufunguo juu ya kifua cha shangazi yake, ukipanda na kushuka kwa pumzi. Hewa ya chumba ilikuwa imetumika. Angeweza kusema basi, nifungulie, niende. Lakini angeziacha picha nusu huku na nusu huku, kwenye mashine inayokata roho, mikononi mwa mwanamke aliyejua kupima mwanga kwa kutazama kiganja chake lakini asiyejua kipanya kinashikwa upande gani. Ahadi yake ilimkaba kuliko mlango.

"Ngoja," alijisemea. "Kitu kimoja kimoja."

Hilo nalo alifundishwa humo humo. Zamani, picha ilipotoka mbaya, Shangazi hakuwa na papara. Alibadilisha dawa, akaacha mwanga kama ulivyo. Isipofaa, alirudisha dawa, akabadilisha mwanga. "Ukibadilisha viwili kwa mpigo," alimwambia mtoto aliyeshika sinia, "hutajua ni kipi kilichokuponya na kipi kilichokuua."

Mwaka mmoja ulipomaliza kuingia, Sisimizi hakuanza mwingine mara moja. Alichukua picha chache za harusi moja, akazihamisha ili zimwonyeshe kasi, akaikariri ile namba ndogo chini ya mstari. Kisha akachomoa waya nyekundu, akaichomeka kwenye tundu jingine la kompyuta, akahamisha picha zile zile. Namba ikawa ile ile. Akairudisha tundu la kwanza.

"Unatafuta nini?" Shangazi aliuliza bila kuinua macho.

"Kinachotuchelewesha."

"Kinachotuchelewesha ni uzee. Wa hiyo mashine, na wangu."

Sisimizi alifungua begi, akatoa waya ya simu yake, ile pekee ambayo alikuwa amekataa kuvishwa. Akaunganisha diski kwa hiyo. Picha zile zile. Namba ile ile, konokono yule yule.

"Si nilikwambia," Shangazi alisema, na safari hii aliinua macho. "Waya ni waya. Bomba ni bomba, maji ni yale yale."

Sisimizi aliyakubali maneno hayo. Yalikuwa na sura ya ukweli, na namba iliyaunga mkono. Alirudisha waya nyekundu, akaanzisha mwaka unaofuata, akakaa, mikono mapajani. Mstari wa kijani ulichomoza kama jani linaloota. Kwenye ngazi za jengo watu walipanda na kushuka, viatu vyao vikisikika hadi vilipotokomea chini, barabarani, kwenye dunia.

Akiwa amekaa hivyo ndipo neno jingine la zamani lilipomjia. Siku moja alikuwa amelinganisha madebe mawili ya dawa, picha zikatoka kijivu kwa yote mawili, akatangaza kwa ujuzi wa mtoto kwamba dawa haina kazi yoyote. Shangazi alinusa madebe, akacheka hadi akashika ukuta. "Sisimizi wee! Umelinganisha dawa mbili zilizochacha. Zingekupa nini?"

Waya ya simu ilikuja na simu, kwa ajili ya kuchaji. Kama nyekundu nayo ilikuwa ya namna hiyo, basi alikuwa amepima mbovu kwa mbovu.

Aligeuka akaitazama waya nyeusi. Ilikuwa ukutani, ikichaji redio ya Shangazi. Redio ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa tangu jana, na juzi, na hakukumbuka ni lini wiki hii Shangazi aliichomoa, yeye ambaye kwa kawaida huizunguka studio nzima akichomoa vitu, akisema umeme nao una roho.

Alingoja mwaka uishe. Ulichukua muda wake, na yeye akauacha uuchukue. Kisha akainuka, akachomoa redio.

"Hiyo ni ya kuchajia," Shangazi alisema.

"Najua, shangazi."

"Itakuunguzia diski. Ina moto mwingi hiyo. Picha za watu hizo."

Sisimizi alisita, waya mkononi. Kama Shangazi alisema kweli, alikuwa karibu kuua kitu alichokaa kulinda. Akakigeuza kichwa cha waya kwenye taa, akachungulia mdomoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchungulia mdomo wa waya. Nguo ilitosha. Ndani, ulimi wake ulikuwa wa bluu, na nyuma ya meno manne ya mbele kulikuwa na safu nyingine ya meno madogo. Akachungulia nyekundu. Ulimi mweupe, meno manne, basi. Yale meno ya nyuma ndiyo njia za ziada. Waya isiyokuwa nayo hupitisha picha kwa mlango mwembamba, hata kama diski ni ya mbio.

Aliona na kitu kingine. Pale kisweta cheusi kilipoishia, kwenye ukingo wa bati, kulikuwa na manyoya ya sufu yaliyonasa. Yalikuwa mekundu.

Sindano za Shangazi zilikuwa zimenyamaza.

Sisimizi alivuta diski karibu. Aliunganisha diski kwa waya yenye kisweta cheusi, akahamisha zile picha chache za majaribio. Hakuwahi hata kuisoma namba. Zilikuwa zimeshaingia. Akauanzisha mwaka mzima, wa picha nzito, na mstari wa kijani ukaondoka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

"Basi kumbe ina mbio," Shangazi alisema, sauti yake ndogo.

"Ilikuwa na mbio tangu zamani. Ni nguo tu ndiyo iliyobadilishwa."

Kompyuta ilikoroma. Shangazi alikitazama alichokuwa akifuma, akakilaza juu ya magoti.

"Baba yako alipokuleta hapa," alisema, "alisema wiki mbili. Nilikuwa na begi langu pale pale ulipoweka lako. Gazeti moja lilinitaka, nikapige picha zao. Nilisema, wiki mbili si kitu, watangoja." Alicheka kwa pua, lakini si kama mara ya kwanza. "Hawakungoja. Na yeye hakurudi. Nikakufundisha kushika sinia."

Sisimizi alihisi chumba kikizidi kumsogelea, kuta na pazia na maporomoko yake. Aliwahi kuambiwa kuhusu baba yake. Habari za gazeti hakuwahi kuambiwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Alifikiri, kwa sababu lilistahili kufikiriwa. "Nisingeenda."

"Ndiyo hivyo. Ungekaa kwa deni, ukinitazama kila siku kama mtu anayelipa. Sikutaka hilo. Nilitaka ukose gari tu." Shangazi alisema hayo kwa upole, kama anayeeleza jinsi ya kukata karatasi. "Mtu akikosa gari halaumu mtu. Anasema bahati mbaya, anavua viatu, anapika chai."

Sisimizi alitafuta hasira mahali inapokaa, akaipata, lakini ilikuwa imekaa pamoja na mambo mengine mengi asiyoweza kuyatenganisha. Akaanzisha mwaka mwingine. Ukaingia. Akaanzisha mwingine.

"Nionyeshe," Shangazi alisema baadaye. Alikuwa amesogeza kiti. "Pa kubonyeza. Usinionyeshe kwa haraka, na usiniite bibi."

"Lini nimekuita bibi?"

"Moyoni. Nakujua."

Alimwonyesha. Shangazi alishika kipanya kama anayeshika ndege asimwumize, akakipoteza kishale, akakitukana, akakipata. Mwaka mmoja aliuhamisha mwenyewe. Ulipoingia wote, alipiga meza kofi moja. "Mwizi mkubwa!" alisema, na haikujulikana kama alimaanisha kompyuta au waya.

Mwaka wa mwisho ulipokwisha, honi ilikuwa imeshalia mara ya kwanza chini. Simu ikatetemeka. "Dada, mama mkwe ameanza kuniuliza kama nina wazazi."

"Nashuka, kaka."

Sisimizi alifungua picha tatu ndani ya diski, za miaka mitatu tofauti, kuhakikisha. Bwana harusi aliyefumba macho. Mzee mwenye tai ya studio, ile ile iliyoning'inia bado kwenye msumari. Mtoto wa kike amebeba mwavuli wa taa, uso hauonekani. Akaifunga hiyo upesi. Akaitoa diski, akaiweka mikononi mwa Shangazi, ikiwa bado na joto.

Shangazi hakwenda mlangoni. Alichukua mkasi mdogo, akakata uzi wa kisweta chekundu, akakivua kwenye ile waya ya meno manne. Akavua na cheusi. Akaanza kuzivalisha nguo zake za zamani, moja moja, wakati honi ikilia tena huko chini.

"Shangazi. Ufunguo."

"Nisije nikakosea kesho," Shangazi alisema. "Kesho nitakuwa peke yangu nazo."

Sisimizi alisimama na begi bega moja. Angeweza kunyoosha mkono kwenye ile kamba. Hakunyoosha. Alishika ncha ya kisweta chekundu ili kisiteleze, shangazi yake akapenyeza kichwa cha waya, wakavuta kila mtu upande wake hadi sufu ikabana. Honi ya tatu ilikuwa ndefu, na ilielekea haikupigwa na dereva.

"Huyo ni mama mkwe," Shangazi alisema. "Nenda. Mtu wa namna hiyo akishuka kwenye gari, mtaa mzima utahama."

Akavua kamba shingoni. Krr, krr. Mwanga wa ngazini uliingia, wa kawaida kabisa, wa mchana unaoelekea mwisho, na wote wawili wakafinya macho.

Hawakukumbatiana sana. Shangazi alimtengeneza kola, akamgeuza kidevu kidogo upande wa mwanga kama anavyowafanyia wateja, akamsukuma begani.

Sisimizi alishuka. Kwenye kona ya ngazi, mahali ambapo viatu vya watu huanza kutokomea chini, alisikia mlango ukifungwa juu yake, kisha ufunguo. Krr.

Akasimama, mkono kwenye ukuta, akingoja mlio wa pili. Dereva alikuwa anaita, dada, dada. Alingoja zaidi ya alivyopaswa. Juu kulikuwa kimya, kisha redio, kwa mbali, ikibebwa kwenda mahali fulani ndani ya chumba, ikinong'ona.

Wa pili haukuja. Akabeba begi lake, akaenda.